Villain Hakuiba Kitu

Nianze na ujinga wenyewe, niutoe njiani mapema kabla hamjaanza kunipenda: nilisema ukweli kwenye mchongoano. Waliosoma shule za huku Kenya wameshashika kichwa na kusema "Wacha!" Wengine itabidi niwaeleze kwanza, ndipo nanyi mshtuke.

Mchongoano ni vita vya matusi yasiyo matusi. Wawili wanasimama, darasa zima linawazunguka, mmoja anaanza: "Kwenu ni kukavu, ndovu akija kuomba maji mamako anamwambia apange foleni na aje na mtungi wake." Watu wanaanguka. Mwenzake anajibu: "Mamako ni mnene, akitaka kuvuka reli, treni ndiyo inaangalia kulia na kushoto." Wanaanguka tena. Anayekosa jibu ameisha, na anayekasirika ameisha zaidi. Unaweza kumtaja mama ya mtu, babake, paka wao na paa la nyumba yao, na jioni mkatoka getini mmeshikana mabega mkigawana mahamri. Inawezekana kwa sababu ya sheria moja ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha: lazima iwe uongo. Tena uongo mkubwa, ambao hata mtoto wa nasari anauona ukija tangu Mwatate. Ndovu hapangi foleni. Treni haiangalii kushoto. Ukimwambia mtu wa kiatu kilichotoboka kwamba kiatu chake kimetoboka, hapo hujachongoa. Umetukana. Na adhabu yake inajulikana: unasimama katikati peke yako, kila anayetaka anakuchongoa, na wewe hujibu hata neno mpaka kengele ilie.

Mimi ndiye niliyekuwa bingwa nyuma ya tenki la maji la shule yetu, shule ya kutwa hapa Voi. Saa nne, wengine wakienda kunywa chai, mimi naenda kazini. Aliyenisumbua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa deski moja na mimi. Alikuja kidato cha pili, yeye na mamake, wawili tu, wakitokea upande wa Salaita kule karibu na Taveta. Darasani alikuwa kimya kama chaki. Lakini kwenye tenki, maze, jamaa alikuwa hatari. Mimi hupiga kelele na kurusha mikono. Yeye alikuwa anakungojea umalize, anakuangalia kama daktari anayetafuta mshipa, halafu anakudunga sentensi moja, umekwenda. Tulipendana sana. Sijawahi kuliandika hilo mahali, na ningemwambia usoni angetapika.

Ukweli wenyewe niliusema kwa neno la Kiingereza. Sasa maneno ya Kiingereza yaliingiaje?

Yaliingia kwa njia ya adhabu. Nilicheka kwenye paredi naibu wa mwalimu mkuu akieleza jinsi ya kutumia choo, nikapewa wiki nzima ya kupanguza vitabu vya maktaba. Rafu ya chini kabisa kulikuwa na kamusi moja kubwa ya Kiingereza iliyokosa jalada, inanuka popo, ya aina ile inayokuambia neno limezaliwa wapi na limelelewa na nani. Kama mtu yeyote mwenye akili timamu, nikaanza kutafuta matusi.

La kwanza lilikuwa "villain". Kichwani mwangu villain ni yule wa sinema, mwenye koti refu na kicheko cha kisimani. Nikasoma. Kumbe zamani villain alikuwa mtu wa kawaida anayelima shamba la bwana. Nikageuza ukurasa kutafuta alichoiba. Hakuna. Nikarudi juu nikasoma tena polepole, kidole kwenye mstari. Alilima, basi. Hakuua mtu, hakuchoma ghala. Alilima, akanuka jasho, waliokuwa wakila mavuno yake wakaanza kulitamka jina lake kwa pua, na miaka ilivyokwenda jina likaoza mdomoni mwao likawa jina la mwovu.

Nilishtuka, na mimi si mtu wa kushtuka. Hata karatasi ya hesabu hunikuta natabasamu. Nilimfikiria nyanya yangu wa Wusi, ambaye shamba lake limelala mlimani wima kiasi kwamba akidondosha kabichi anaenda kuiokota kwa jirani. Kwa hiyo nyanya ni villain. Nyanya mwenyewe, na ile leso yake ya kanisani!

Nikawa kama mtu aliyeinua jiwe. Kila neno nililoligeuza lilikuwa na maskini wa Mungu amelala chini yake. "Boor", mtu asiye na adabu: mkulima. "Churl", mtu mshenzi: mwanamume wa kawaida tu kijijini, si bwana, si mtumwa. "Vulgar", kitu cha aibu: kitu cha watu wengi. "Wretch", yule takataka wa mtu: aliyefukuzwa kwao, akawa hana kwao. "Humble" ilitoka kwenye udongo, yaani uko chini na ardhi. Na "despise", kudharau, ni kuangalia tu, lakini kutoka juu kwenda chini. Halafu kulikuwa na vijana wawili waliotaka kunitoa akili: "knave" na "knight". Wote zamani walikuwa na maana ya kijana, mvulana hivi wa kutumwa. Mmoja akapandishwa farasi akawa shujaa wa hadithi. Mwingine akaachwa mlangoni, akawa laghai. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Na "minister", waziri mzima mwenye bendera kwenye gari, kumbe ni mtumishi! Hilo nililicheka mpaka nikapiga chafya ya vumbi.

Nilimfuata mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye ndiye anayeshika ufunguo wa maktaba. Nikamwuliza, "Mwalimu, kwani hawa watu walifanya nini?"

"Watu gani?"

"Hawa kina villain na churl."

Akaangalia ukurasa, akaniangalia mimi, akashangaa kidogo kwamba najua kusoma. "Hawakufanya kitu. Waliokuwa wakiandika ndio waliofanya," akasema. "Na ile rafu ya chini bado ina vumbi."

Mtu mwingine angetoka pale amejifunza jambo. Mimi nilitoka na risasi.

Wiki iliyofuata nyuma ya tenki nilikuwa mtu mpya. "Ukoo wenu ni ma-boor wa kutosha," nikamwambia jamaa mmoja, "mpaka mbuzi wenu analala ameshika jembe." Hakuna aliyejua boor ni nini, na hapo ndipo palikuwa na raha yenyewe. Nilikuwa nangoja waulize, halafu naeleza taratibu, mikono nyuma, kama wakili. Tusi lililoelezwa linauma mara mbili. Wakaanza kuniita Profesa. Watu wa kidato cha nne, ambao kwa kawaida hutuona sisi kama inzi, wakawa wanakuja kusikiliza.

Rafiki yangu wa deski ndiye pekee ambaye hakufurahi. Tukirudi darasani siku moja akaniambia, "Maze, hayo maneno yako mapya yananyonga."

"Si ndiyo maana yanafanya kazi?"

"Ya Kiswahili tunajua yanaishia wapi. Hayo hatujui."

Nikamwambia anaogopa kushindwa. Akacheka kidogo, tukaingia kipindi cha bayolojia.

Kuna jambo moja lazima mlijue hapa, maana ndilo lililonitia kaburini. Nyumbani kwetu ni Kaloleni, hapa hapa Voi. Mama yangu ni karani katika ofisi moja mjini, na tangu alipoanguka akavunjika kifundo cha mkono, hawezi kufua wala kukamua nguo nzito. Kwa hiyo kila Jumamosi anakuja mama fua. Ni mama mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya. Ananiita "baba". Nikimtupia kichekesho, anatoa mikono kwenye povu ili acheke vizuri, halafu anairudisha. Alikuwa akiniambia, "Baba, kola yako inanieleza wiki nzima ulikuwa wapi." Ni yeye aliyefanya shati langu la shule liwe jeupe kuliko la mwalimu mkuu.

Jumamosi moja muhula wa pili, bomba lilikuwa limekauka siku tatu. Niligongewa geti, nikafungua, nikakutana uso kwa uso na rafiki yangu wa deski, ana mitungi miwili ya maji, jasho mpaka kwenye viatu.

Tuliangaliana.

"Mama yuko ndani?" akauliza, na hakuwa anamwulizia mama yangu.

Ndipo nikajua mama fua wetu ni mamake. Yeye pia hakuwa amejua ni kwetu. Aliweka mitungi chini, akapeleka kidole mdomoni. Hakunitisha, wala hakuniomba kwa maneno. Aliweka tu kidole pale, akangoja. Mimi nikajifunga zipu ya mdomo, nikatupa ufunguo juu ya ua. Kisha nikabeba mtungi mmoja, yeye akabeba mwingine. Hatukulizungumzia tena. Siri hiyo niliitunza wiki saba, na kwangu mimi hiyo ni rekodi ya maisha.

Halafu ikaja Alhamisi.

Siku hiyo tenki lilikuwa limejaa watu. Kidato cha nne wote, wasichana wa darasa la jirani, hata mlinzi wa geti alikuwa amesimama mbali anajifanya anachunga. Mimi na rafiki yangu katikati. Nilikuwa nimempiga mbili nzuri. Akangoja nimalize, kama kawaida yake. Akanitazama kichwa.

"Masikio yako ni makubwa," akasema polepole, "ukigeuka haraka darasani, watu wanashika karatasi zao."

Ee bwana wee. Watu hawakucheka, walilipuka. Kuna msichana alikaa chini kabisa, mchangani, na sketi yake safi. Mlinzi alishika ukuta. Mmoja wa kidato cha nne akageuza kichwa chake haraka, na wenzake wote wakashika karatasi ambazo hawakuwa nazo. Nami nilifungua mdomo kujibu, nikapapasa humo ndani kutafuta uongo, nikakosa. Hakukuwa na hata mmoja. Kilichokuwa karibu kilikuwa ukweli.

"Angalau mamangu si menial," nikasema.

"Menial ni nini, Profesa?" mtu akapiga kelele nyuma.

Mikono nikaiweka nyuma. Ndiyo, niliiweka nyuma. "Menial ni mtumishi wa kazi za nyumba ya watu. Mamake hutufulia kila Jumamosi. Hii shati ni yeye. Hata boksa zangu ni yeye."

Walicheka, sekunde moja hivi, kwa mazoea. Halafu kicheko kikakatika kama redio iliyopotewa na stima. Msichana aliyekuwa chini akasimama akajipangusa. "Lakini," akasema, "hiyo si ni ukweli?"

Nilitegemea rafiki yangu anipige. Ningefurahi sana kama angenipiga. Aliangalia kola ya shati langu, akaiangalia kwa muda, kisha akaenda darasani, akachukua begi lake, akatoka getini kabla ya kengele. Mlinzi hakumzuia.

Ijumaa hakuja. Nilipoingia darasani asubuhi, kwenye kiti chake kulikuwa na soksi chafu, imefungwa na karatasi, na kwenye karatasi mtu ameandika lile neno langu, tena bila kosa la herufi. Neno nililolitoa jana mdomoni lilikuwa limelala usiku, limeamka, limekuja shuleni kabla yangu. Na niseme yote: kabla sijajizuia, mdomo wangu ulitabasamu. Ilikuwa kichekesho kizuri, na mimi najua vichekesho vizuri. Ndipo nikaichukua soksi nikaitupa dirishani. Lakini sikumwambia mtu yeyote kitu chochote, nikakaa peke yangu kwenye deski la watu wawili mpaka saa kumi.

Jumamosi mama aliamka mapema akaloweka nguo. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Akapiga simu akiwa ameiweka juu ya beseni lililogeuzwa, sauti ya nje, kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni. Mimi nilikuwa mlangoni na mkate.

"Dada, umefika wapi? Nguo nimeshaloweka."

"Dada, leo sitakuja."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ni huyu kijana wangu. Tangu juzi hali, hasemi. Jana hakwenda shule. Anasema nikiendelea kufua nguo za watu, yeye shule basi. Ameshaongea na wale wanaochota mchanga mtoni, ati anaanza nao Jumatatu."

"Mchanga! Na amebakisha mwaka mmoja?"

"Ndiyo nashangaa, dada. Nikiacha kufua, hiyo shule ataenda na nini? Nikifua, haendi. Kuna mtu amemwambia neno la Kizungu huko shuleni, mbele ya watu. Hataki kuniambia ni neno gani."

Mama alikata simu, akabaki anaangalia povu. "Watoto wa watu wana roho gani?" akasema. "Nani anaweza kumwambia mtoto kitu kama hicho?"

"Mimi," nikasema.

Hakusikia, au alikataa kusikia. "Wewe nini?"

"Ni mimi niliyemwambia."

"Rudia."

Nikarudia, na lile neno lenyewe.

"Rudia kwa Kiswahili."

Kwa Kiswahili ilikuwa mbaya zaidi, maana haikuwa na pa kujificha. Nilitegemea mwiko, kandambili, chochote kilichokuwa karibu. Mama alikaa juu ya ndoo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta mgeni amelala kitandani.

"Na mimi nilidhani nimezaa mcheshi," akasema. "Vaa viatu."

Tulivuka reli kwa miguu. Njiani akanunua sukari, kwa sababu kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimetayarisha kichekesho cha kuingilia. Nilipoona chumba kimoja, pazia katikati, na shati la shule la rafiki yangu limepigwa pasi na kuning'inizwa msumarini kama lina safari, kichekesho kikanitoka kichwani chenyewe.

Mama fua alitukaribisha. Mama yangu alimpa sukari kwa mikono miwili na kusema, "Dada, aliyesema ni huyu wangu." Nikamwona yule mama akishtuka. Aliniangalia mimi, ambaye vichekesho vyangu alivicheka na povu mpaka viwikoni, kisha akageuka akawasha jiko. Sukari ile ile akatutilia kwenye chai. Sijawahi kunywa kitu kigumu kumeza kama ile chai.

Alipokaa akaniuliza, "Hilo neno lenyewe, baba, maana yake ni nini?"

Bado aliniita baba. Nikasema, "Zamani lilikuwa na maana ya mtu wa nyumba. Mmoja wa watu wa nyumba hiyo."

Alilifikiria. "Hilo si baya," akasema. "Sasa mbona mwanangu amelia?"

Nilimwangalia mama yangu anisaidie. Alikuwa anakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Jibu lilitoka nyuma ya pazia. "Kwa sababu ulijua," sauti ya rafiki yangu ikasema. "Wengine hawakujua. Wewe ulijua."

"Samahani," nikaliambia pazia. Halikutikisika.

Mamake akasema kwa sauti ya kusikika pande zote mbili: "Huyu anaenda shule Jumatatu. Nimemwambia, akienda mtoni mimi bado nitafua, kwa hiyo atakuwa amepoteza kote. Mikono yangu siionei haya." Kisha kwa mama yangu, polepole: "Lakini kwenu sitarudi, dada. Si kwa hasira. Nyumba nyingine nitapata. Sitaki mwanangu akae darasani akihesabu mashati niliyoyafua mimi."

Mama yangu akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Jumatatu utafanya nini?"

Nilikuwa najua la kufanya. Sikulipenda.

Saa nne ya Jumatatu nilienda nyuma ya tenki, na mara hii sikungoja mtu wa kupambana naye. Rafiki yangu alikuwa amekuja shule. Alikuwa mbali, ukingoni mwa watu, na daftari mkononi. Asubuhi hiyo nzima hakuwa ameniangalia.

"Alhamisi nilisema ukweli," nikawaambia. "Nimevunja sheria. Mamake anafanya kazi, na uchafu uliokuwa kwenye zile nguo ulikuwa wangu. Nimesimama."

Mwanzoni hakuna aliyetaka kuanza. Halafu yule msichana wa mchangani akasema, "Mdomo wako unavuja, watu wa maji wamekuja kuufunga wakakosa vali." Ikafunguka. Nikaambiwa kwamba nikipewa siri naiweka kwenye spika ya kanisa. Nikaambiwa ulimi wangu ukipita Voi, malori ya Mombasa yanaegesha kando. Zilikuwa nzuri, nyingine nzuri kweli, na mimi nilikuwa na majibu saba yaliyopangwa mstari na yote nikayameza. Aliyeweka ile soksi hakujitokeza. Lakini lile neno hakuna aliyelitumia, wala siku hiyo, wala baadaye.

Mwishoni mduara ukafunguka upande wa rafiki yangu. Watu wakageuka. Ilikuwa zamu yake, na kila mtu alijua anaweza kunizika. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, taratibu, kama kawaida yake. Nilingoja. Nilitamani sana anizike.

"Mimi sina," akasema, akaenda darasani.

Nilipoingia, vitabu vyake havikuwa kwenye deski letu tena. Alikuwa amehamia dirishani, na jamaa mmoja wa kimya wa Taveta.

Jioni nilimkuta mama uani na nguo za Jumamosi, zile tulizokuwa tukizimaliza kidogo kidogo. Alikuwa ameinua shuka kwenye maji na mkono wake mmoja mzima, na shuka lilikuwa limemshinda. Nikamweleza yote: kwamba amekuja, kwamba nilisimama mpaka kengele, kwamba amekataa kunichongoa, na kwamba amehama deski. Nikamwuliza sasa nifanye nini tena.

Mama akasema: "Amerudi shule. Katika ulivyovunja, hicho ndicho kilichoweza kurudi, na kimerudi, kwa nguvu za mamake, si zako. Mahali pa kukaa atachagua mwenyewe, usimfuate. Sasa shika upande wa pili tukamue hili shuka, na ole wako unichekeshe."